Mwacheni Mjerumani, tazameni presha

Kila bomba likipasuka Tanga, kesi ni ya Mjerumani. Juzi Makorora tuko shimoni, maji yametufika magotini, mzee mmoja kasimamisha baiskeli juu yetu: "Wanangu, hilo la Mjerumani hilo, ling'oeni lote!" Shikamoo mzee wangu, lakini nililoshika ni plastiki ya kijivu. Mjerumani alitolewa Tanga mwaka 1916, na plastiki hakutuachia. Hata bwawa la Mabayani, tunakotoa maji, ni la miaka ya 1970.

Ingekuwa wazee tu ningenyamaza. Wenye shahada nao hukaa na jedwali la umri, bomba likivuka miaka fulani wanalipiga wino mwekundu. Chuma cha zamani kilikuwa kinene. Kwenye udongo mkavu usio na chumvi unakifukua ukakikuta kizima, kutu ya juu juu tu. Karibu na bahari ni habari nyingine, sibishi.

Kinachoua bomba mara nyingi ni presha na kulazwa vibaya. Maji yanayokwenda mita 1 kwa sekunde ndani ya bomba la chuma yakizuiwa ghafla, presha inaruka kwa takriban baa 10 (baa ni kipimo cha presha), juu ya ile iliyokuwamo. Fundi mwenye pupa anayefunga valvu kubwa ili awahi futari anatosha kulifanya hilo. Umeme ukikatika, pampu ikazima, presha kwanza inaporomoka, kisha wimbi linarudi kupiga. Plastiki hupigwa kidogo kuliko chuma kwa kuwa inatanuka, ila ukiitanua na kuisinyaza kila siku, nayo huchoka.

Kile kipande cha Makorora kilikuwa na alama nyeupe, ukubwa wa ukucha wa dole gumba, pale kilipokalia jiwe la tumbawe. Ufa umeanzia hapo hapo, ukakimbia na urefu wa bomba kama umepigwa rula. Chini hapakuwa na mchanga hata konzi moja. Aliyelilaza alirudishia kifusi chake chenye mawe, akakikanyaga kanyaga, akaenda zake. Malori yakamalizia kazi. Mashimo mengi mnayoilaumia lami nayo ni hayo hayo: mtaro wa bomba uliofukiwa bila kushindiliwa tabaka kwa tabaka. Kiraka kipya juu yake kinazama mvua ya kwanza.

Turudi kwenye presha. Ukiipunguza nusu, tundu la kwenye chuma linavujisha pungufu kwa kama asilimia 30. Ufa wa plastiki, ambao wenyewe hufunguka na kufumba kwa presha, unaweza kupungua hata asilimia 65. Ndiyo maana mtu akiniwekea mezani valvu ya kupunguzia presha na pesa ya kubadilisha kilomita moja ya bomba, nachukua valvu. Mwenye ghorofa atanuna. Anunue pampu.

Sasa yale ambayo vitabu havisemi. Mtaa upi uanze kukarabatiwa? Tunafungua daftari la mipasuko, na daftari linahesabu ile tuliyopigiwa simu. Mtaa wa wasemaji unaonekana mbovu. Kule Raskazone kwenye mwamba wa matumbawe maji yanazama chini, juu pakavu, hapigi mtu simu, mtaa unaonekana mzima. Dawa yake tunayo: pima maji yanayoingia mtaani kati ya saa 8 na saa 10 usiku, watu wamelala, kinachopita ni kuvuja. Hiyo ni kitabuni. Hapa kwetu watu wamelala lakini matenki yao yanajaa, kwa sababu presha nzuri huja usiku, na boya la tenki halijui saa. Kipi cha ufa, kipi cha tenki? Ningepata wa kuzunguka nyumba zote kufunga koki za matenki kwa usiku mmoja ningejua, na watu wangetufukuza na marungu. Kwa hiyo nakadiria, naandika tarakimu yenye desimali mbili, na hadi leo hakuna kikao kilichoniuliza desimali hizo nimezitoa wapi.