Siena: anzia chini, kwenye maji

Wageni wengi hufika Siena, mji wa Italia, kwa basi la asubuhi kutoka Florence. Hutembea hadi uwanja wa Campo, hupiga picha mnara, huingia kanisa kuu, na saa tisa alasiri wako njiani kurudi. Mara ya kwanza nami nilifanya hivyohivyo. Niliondoka na swali lililonisumbua njia nzima: watu wa mji huu walikunywa maji ya wapi?

Swali hilo linatokana na kazi yangu. Mimi ni mhandisi wa maji ya ardhini, na nikifika mji wowote mgeni, macho hutafuta mto kwanza. Florence ina Arno, Roma ina Tiber, Verona imezungukwa na Adige. Siena haina kitu. Imekaa juu ya migongo ya vilima, na mvua ikinyesha maji mengi hukimbilia mabondeni. Lakini katika karne ya 13 ilikuwa miongoni mwa miji tajiri ya Ulaya, mji wa mabenki na wafanyabiashara wa sufu. Na sufu ina kiu kuliko binadamu: huoshwa, hutiwa rangi, huoshwa tena.

Kwa hiyo ukienda, nakushauri usianzie Campo. Teremka kwanza Fontebranda, chini kabisa, upande wa magharibi, chini ya kanisa kubwa la matofali la San Domenico. Utakuta jengo lenye matao matatu yaliyochongoka, kama lango la ngome, na ndani yake maji yametulia gizani. Chemchemi hii inatajwa katika hati za mwaka 1081, na jengo unaloliona ni la 1246.

Simama hapo uangalie mpangilio, maana ndio wenye akili. Beseni la kwanza lilikuwa la maji ya kunywa. Likijaa, maji yalimwagikia beseni la pili, la kunyweshea wanyama. La pili likijaa, yalikwenda la tatu, la kufulia. Yakitoka hapo, yalichafuka lakini hayakuachwa: yaliteremka kwa watengeneza ngozi na wapaka rangi, kisha yakazungusha vinu bondeni. Tone moja lilifanya kazi nne au tano kabla ya kuacha mji. Kufulia nguo kwenye beseni la kunywea lilikuwa kosa la kutozwa faini. Mtu aliyekulia Lamu, ambako birika la msikitini lina adabu zake na hata visamaki vyake vya kula viluwiluwi vya mbu, ataelewa mara moja.

Hatua chache juu ya chemchemi ni nyumba alikozaliwa Mtakatifu Catherine wa Siena mwaka 1347. Wengi huizuru kwa ajili ya ibada, na ni haki yake. Mimi huongeza jambo dogo: baba yake alikuwa mpaka rangi wa sufu. Familia ile isingeweza kuishi kwingine. Kazi yao ilifuata maji.

Sasa, maji yenyewe yanatoka wapi? Hapa ndipo ninapoweza kuongea hadi usiku. Vilima vya Siena vina tabaka mbili. Juu ni mchanga wa manjano uliogandamana, ambao wenyeji huuita tufo. Ni mawe laini, unaweza kuyachimba kwa sururu na yasikuangukie. Chini yake ni udongo wa mfinyanzi usiopitisha maji. Mvua hupenya polepole kwenye mchanga, ikifika kwenye mfinyanzi hukwama. Mafundi wa Siena walichimba mahandaki humo kwenye mchanga, nayo huitwa bottini, kwa sababu dari lake limepinda kama pipa. Yote pamoja yana urefu wa kilomita 25 hivi, mengi yakiwa yamechimbwa kati ya karne ya 13 na ya 15.

Watu hudhani handaki la maji ni bomba kubwa linaloanzia kwenye chemchemi fulani ya mbali. Bottini si hivyo. Handaki lenyewe ndilo chemchemi. Maji hutoka kama jasho kwenye kuta na dari, tone kwa tone, katika urefu wote, yakadondokea mfereji mwembamba uliochongwa sakafuni. Kwa hiyo walipotaka maji zaidi, dawa ilikuwa moja: kuchimba mbele zaidi. Na mteremko ni kama mita moja kwa kila mita elfu. Ukizidisha, maji yanakula sakafu. Ukipunguza, yanasimama na kuweka tope. Wao walipata kipimo hicho gizani, kwa taa ya mafuta. Mimi nina vifaa vya leza na bado nahesabu mara mbili.

Hamu ya maji iliwafikisha mbali. Waliamini kuna mto mzima chini ya mji, wakaupa jina Diana, wakautafuta kwa gharama kubwa. Dante, mtu wa Florence, aliwadhihaki kwa hilo katika shairi lake. Mto hawakuupata. Walichokipata ni bora: mwaka 1342 maji ya bottini yalifika Campo, katikati ya mji.

Miaka 6 baadaye ikaja tauni. Wakati huo walikuwa wameanza kulipanua kanisa kuu liwe kubwa ajabu. Kazi ikasimama, na ule ukuta mrefu uliobaki peke yake bila paa bado upo hadi leo. Pale Campo kulikuwa na sanamu ya kale ya Venus, mungu wa kike wa Warumi, iliyochimbuliwa mjini na kuwekwa kwenye chemchemi. Watu wakaanza kusema ndiyo iliyoleta mikosi. Mwaka 1357 ikaondolewa na kuvunjwa, na inasimuliwa kwamba vipande vyake vilifukiwa kwenye ardhi ya Florence ili balaa iwahamie mahasimu.

Chemchemi iliyofuata, Fonte Gaia, ilichongwa na Jacopo della Quercia, akaimaliza 1419. Unayoiona uwanjani ni nakala ya karne ya 19. Mawe ya asili, yaliyolika na hali ya hewa, yako Santa Maria della Scala, hospitali ya zamani ya mahujaji iliyo mkabala na kanisa kuu, ambayo sasa ni makumbusho. Nenda ukayaone. Nyuso zimefutika nusu, lakini mikunjo ya nguo bado ina uhai ambao nakala haina.

Kuingia bottini kunahitaji kuomba nafasi mapema, kwa sababu huruhusu vikundi vidogo tu. Safari yangu ya pili nilifika bila kuomba, nikarudi nimeona mlango uliofungwa. Ya tatu nikaingia. Mtu wa kimo cha kawaida hupita amesimama, mabega yakikaribia kuta zote mbili. Chokaa imejijenga ukutani kama nta iliyomwagika. Chini, ule mfereji, maji yakitembea mwendo wa mtu asiye na haraka, nasi tukitembea nayo sambamba. Mji ulitegemea maji haya hadi 1914, mabomba ya kutoka mlima Amiata yalipofika. Lakini maji ya bottini yanazilisha chemchemi za kale mpaka sasa.

Tulipotoka nilipanda moja kwa moja hadi Campo. Jua lilikuwa kali, matofali yanawaka, watu wameketi chini kama pwani. Kwenye Fonte Gaia mbwa mwitu wa mawe walikuwa wakitema maji, na njiwa mmoja amesimama juu ya kichwa cha mmoja wao, ameinama, anakunywa mdomoni mwake.