"Unaweza kuripoti lini?" Hesabu kabla ya kujibu

Swali hili huja mwisho wa usaili, mtu akiwa amechoka na ana furaha. Wengi hujibu, "Hata Jumatatu." Kama afisa rasilimali watu, jibu hilo hunisikitisha, kwa sababu mara nyingi aliyelitoa ameahidi jambo ambalo mkataba wake wa sasa haumruhusu.

Tarehe ya kuripoti hupatikana kwa hesabu. Toa mkataba ulionao, tafuta kifungu cha notisi (muda unaopaswa kuendelea kufanya kazi baada ya kukabidhi barua ya kuacha), ukisome neno kwa neno. Tuseme notisi ni siku 30, nawe umekabidhi barua ya kuacha kazi tarehe 12 Machi. Zikihesabiwa kuanzia kesho yake, unamaliza tarehe 11 Aprili. Lakini ipo mikataba inayosema notisi ya mwezi mmoja huanza tarehe mosi ya mwezi unaofuata. Hapo barua ileile inakupeleka hadi tarehe 30 Aprili. Siku 19 zimeongezeka kwa sababu ya sentensi moja. Angalia pia kama zinazohesabiwa ni siku za kalenda au za kazi.

Likizo uliyobakiza nayo ina uzito. Wapo waajiri wanaokubali ikatwe kwenye notisi, wengine huilipa. Uliza, na jibu liwe la maandishi. Mikataba mingine huruhusu malipo badala ya notisi, yaani unamlipa mwajiri mshahara wa siku ulizobakiza ili uondoke mapema. Kama haraka ni ya mwajiri mpya, si vibaya kumwuliza iwapo atachangia.

Hesabu ikikamilika, ongeza siku chache za kupumzika, kisha zungumza bila woga: "Nimeipokea nafasi hii kwa furaha. Notisi yangu inaisha tarehe 11 Aprili na nina makabidhiano ya kukamilisha. Naomba kuripoti tarehe 20 Aprili." Mwajiri makini haudhiki na maneno haya, maana mtu anayeheshimu mkataba wa leo ataheshimu na wake. Akishikilia tarehe ya karibu zaidi, muulize kuna nini. Huenda ni mafunzo ya waajiriwa wapya yanayotolewa kwa makundi, na kundi linalofuata likakufaa.

Kabla ya kukubaliana, uliza orodha ya mishahara ya mwezi hufungwa tarehe ngapi. Ukiripoti baada ya hapo, mshahara wa kwanza unaweza kusogea hadi mwezi unaofuata, na kodi ya nyumba haisogei. Uliza pia bima ya afya inaanza lini, hasa kama una watoto au mgonjwa wa kudumu nyumbani.

Na tafadhali, barua ya kuacha kazi isitoke mkononi mwako kwa ahadi ya simu. Subiri barua ya ajira iliyosainiwa, yenye mshahara na tarehe ya kuripoti. Ikiwa imeweka masharti, kama vile kupimwa afya au kuhakiki vyeti, subiri hayo nayo yakamilike.