Je, wajua kwa nini mlo wa Makindu hauna bili?

Ukitoka Nairobi kwenda Mombasa kwa barabara, baada ya kilomita kama 160 unaingia Makindu. Madereva wa masafa marefu wanaujua mji huo kwa jambo moja hasa: kando ya njia pana hekalu la Makalasinga, na mtu yeyote anaweza kuingia, akala, hata akalala, asidaiwe senti. Mara ya kwanza kusimama pale niliingia na wasiwasi wa mtu aliyezoea hoteli za njiani. Nikavua viatu, nikajifunga kitambaa kichwani kama wenzangu, nikanawa, nikapewa trei ya chuma yenye vijumba: dengu, wali, mboga, na chapati ya moto ambayo niliipokea kwa mikono miwili kwa sababu niliona aliye mbele yangu kafanya hivyo.

Nilipomaliza nikamwendea mzee aliyekuwa akigawa chai.

"Mzee, shikamoo. Nalipa wapi?"

"Marahaba. Umeshiba?"

"Nimeshiba."

"Basi. Ukitaka kazi, vyombo viko kule."

Nikamwambia lile neno ambalo sote tunalo tayari mdomoni: Mungu atakulipa. Akapunga mkono kama anayefukuza nzi. "Alishalipa."

Nilidhani ni utani wa wazee. Baadaye, nilipoanza kusoma habari za dini yao, niliona kwamba mzee alikuwa amenijibu kitu kizito. Nilikuwa nimeuliza kuhusu pesa, yeye akajibu kuhusu thawabu.

Kwanza tuweke watu mahali pao. Makalasinga, au Masingasinga, yaani Masikh, walifika pwani yetu kwa wingi wakati wa reli, iliyoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Wengi walikuwa mafundi kutoka Punjabi, eneo la Bara Hindi: maseremala, wahunzi, waashi. Makindu ilikuwa kituo cha reli, na hekalu lenyewe, ambalo wao huliita gurdwara, yaani mlango wa Guru (mwalimu wao wa dini), lilijengwa mwaka 1926. Jina Kalasinga nalo husemwa kwamba lilitokana na mfanyabiashara mmoja wa zamani aliyeitwa Kala Singh, likawashika wote. Kizazi cha wazazi wangu kiliwajua kwa gereji, kwa mbao, na kwa Joginder Singh aliyeshinda Safari Rally mara tatu, mwaka 1965, 1974 na 1976. Imani yao, wengi wetu hatukuiuliza kamwe.

Imani hiyo ilianza na Guru Nanak, aliyezaliwa mwaka 1469 katika kijiji cha Talwandi, ambacho leo ni mji wa Nankana Sahib nchini Pakistan. Alifariki mwaka 1539. Masimulizi ya maisha yake yaliandikwa baada ya kufa kwake, kwa hiyo yapokee kama masimulizi. Mashairi yake ni jambo jingine. Yamo katika Guru Granth Sahib, kitabu chao kitakatifu chenye kurasa 1,430, ambacho mkusanyo wake wa kwanza ulikamilishwa na Guru wa tano, Arjan, mwaka 1604. Nitataja yote mawili, na nitakuwa nikikuambia lipi ni lipi.

Simulizi ya kwanza ni ya utoto. Nanak alizaliwa katika familia ya Kihindu ya tabaka la juu, na mtoto wa kiume wa tabaka hilo huvishwa uzi mtakatifu begani. Wageni wamealikwa, chakula kinapikwa, kuhani amekaa tayari na uzi wake. Mtoto akakataa. Akataka uzi usiokatika. Shairi linalohusishwa na tukio hilo ni lake kweli: huruma iwe pamba, kutosheka kuwe uzi, kujizuia kuwe fundo, ukweli uwe msokoto, kama unao uzi wa namna hiyo, kuhani, nivishe. Kisha anaongeza jambo ambalo mtu wa pwani atalisikia vizuri: uzi wenu mnaununua kwa kauri chache tu, mnauvaa, na mtu akifa uzi unaanguka, roho inaondoka bila uzi.

Ya pili ni ya Haridwar, kwenye mto Ganga, ambako mahujaji walikuwa wakirusha maji kuelekea mashariki. Nanak akaingia mtoni, akaanza kurusha maji magharibi. Wakamuuliza anafanya nini. Namwagilia shamba langu Punjabi, akasema. Wakamcheka. Akawauliza: yenu yanafika kwa jua na kwa mababu, yangu yashindweje kufika hapo tu Punjabi?

Lakini ninayoipenda zaidi ni ya Sultanpur, ambako Nanak alifanya kazi ya kutunza ghala la gavana Mwislamu, Daulat Khan Lodhi. Siku moja alitamka kwamba hakuna Mhindu wala Mwislamu, na neno likafika kwa kadhi. Kama ni hivyo, wakamwambia, njoo uswali nasi. Akaenda. Wao wakainama, yeye akabaki amesimama, na simulizi linasema alimcheka kadhi. Walipotoa salamu kadhi akaja juu: mbona hukuswali? Ningeswali na nani, akajibu Nanak. Wewe muda wote ulikuwa unamfikiria mtoto wa farasi aliyezaliwa leo, usije ukasikia ametumbukia kisimani. Na mawazo ya gavana yalikuwa Kabul, yananunua farasi. Wote wawili wakainamisha vichwa, safari hii kwa kweli.

Mswahili hahitaji kueleweshwa hilo. Tuna neno lake, khushuu, yaani kuweka moyo wote kwenye swala, na kila aliyewahi kusimama kwenye safu huku akipiga hesabu ya karo ya shule anajua kisima hicho kilipo.

Nanak hakuwaambia watu waache swala, wala hakuwaambia Wahindu waache mto. Kuna shairi lake linalozitaja swala tano moja moja, na nakuomba ulisome kwa Kipunjabi chake, kwa sababu utashangaa unavyolielewa: *pahila sach, halal dui, tija khair khudai, chauthi niyat, panjvi sifat*. Ya kwanza ni ukweli. Ya pili ni chumo la halali. Ya tatu ni heri kwa ajili ya Mungu. Ya nne ni nia. Ya tano ni sifa zake Mola. Halali, heri, nia, sifa: maneno yale yale yaliyosafiri kutoka Uarabuni, mengine yakashuka Lamu na Zanzibar, mengine yakavuka Uajemi hadi Punjabi. Nanak aliwasemesha Waislamu kwa maneno yao wenyewe, kisha akawauliza kama wanayatenda.

Sasa turudi kwa thawabu, maana hapo ndipo mzee wa Makindu aliponiacha hoi.

Katika mafundisho haya, ugonjwa mkuu wa binadamu unaitwa *haumai*. Ni "mimi" mara mbili, kwa hiyo tafsiri ya karibu ni umimi-mimi. Ni ile sauti ya ndani inayosimulia kila kitu huku yenyewe ikiwa kitovu: mimi nimetoa, mimi nimefunga, mimi nimehiji, mimi sikula nyama. Ibada ya kuhesabu haiponyi ugonjwa huo, inaulisha. Kila tendo jema linapoandikwa kwenye daftari, mwenye daftari ananenepa. Wahenga wetu walisema tenda wema uende zako, nao waliona mbali, ila Nanak angekuuliza kama umeenda zako kweli au umejificha nyuma ya mlango usikie utakavyosifiwa.

Ndiyo maana katika *Japji*, sala ambayo Sikh huisoma alfajiri, Nanak anapima ibada zote kubwa, yaani hija, kujinyima, huruma na sadaka, kisha anasema mwenye kuzifanya, kama atapata heshima, ni ya kiasi cha punje ya ufuta. Hakusema ni bure. Ufuta una mafuta yake. Lakini huwezi kununulia kitu. Kwao mtu hufunguliwa na *nadar* ya Mungu, ambalo ni lile lile neno letu nadhari: kutazamwa. Anakutazama kwa rehema, basi. Jicho la mtu hulinunui kwa mkupuo wa matendo mema, seuze la Mungu.

Guru Arjan alikwenda mbali zaidi. Katika ubeti mmoja anasema: sitaki ufalme, sitaki hata wokovu, moyo wangu unataka mapenzi ya miguu yako tu. Hata wokovu! Mtu huyu aliuawa Lahore mwaka 1606 mikononi mwa utawala wa Mughal, wafalme wa Bara Hindi wa wakati huo, kwa hiyo hakuwa mshairi wa maneno mepesi. Na Kabir, mfumaji nguo ambaye beti zake zimo katika kitabu hicho hicho ingawa hakuwa Guru, anawatania wanaosema wanaenda peponi: kila mtu anasema anaelekea huko, mimi hata sijui ni wapi.

Kwa hiyo "alishalipa" maana yake ni hii. Pumzi umepewa, mikono umepewa, ngano imeota. Anayepika chapati hatumi ankara mbinguni. Anarudisha kidogo kutokana na alichokwisha kupokea. Jiko hilo, *langar*, liko katika kila gurdwara duniani. Lile la Amritsar, kwenye hekalu lao kuu, hulisha makumi ya maelfu ya watu kwa siku. Mapokeo yanasema hata mfalme Akbar, alipomtembelea Guru wa tatu, alikaa chini kwenye safu akala na watu wa kawaida. Kukaa safu moja ni sehemu ya fundisho, kwa sababu katika Bara Hindi ya wakati ule kula pamoja na mtu wa tabaka la chini lilikuwa jambo la kukutoa ukooni.

Chakula chenyewe nacho kinaulizwa kilikotoka. Kuna simulizi ya Nanak kufikia kwa seremala fukara aitwaye Lalo, akakataa karamu ya tajiri Malik Bhago. Alipolazimishwa kwenda, alishika mkate wa Lalo mkono huu na wa Bhago mkono ule, akakamua. Wa seremala ulitoa maziwa, wa tajiri damu. Jasho la halali kwanza, kugawana baadaye. Sadaka ya pesa za dhuluma haina nafasi katika hesabu hii, hata ukiijengea hekalu zima. Nadhani ndiyo sababu wale mafundi wa reli hawakuona kupinda chuma na kusali kuwa mambo mawili.

Utauliza, na una haki: kama taratibu si kitu, kilemba je? Nywele zisizokatwa, kitana, bangili ya chuma, jambia, kaptura ya ndani? Hizo ni alama tano za Khalsa, jamii iliyoundwa na Guru wa kumi, Gobind Singh, huko Anandpur mwaka 1699. Sababu yake inaanzia kwa baba yake, Guru Tegh Bahadur, aliyekatwa kichwa hadharani Delhi mwaka 1675. Masimulizi yanasema siku hiyo wafuasi walijichanganya na umati, hakuna aliyewatambua. Gobind Singh akataka watu wasioweza kujificha. Kilemba hakilipiwi thawabu. Kinakunyima kisingizio: ukitenda uovu mtaani, kila mtu ataona ni Sikh ametenda, na mnyonge akitafuta wa kumkimbilia, atakuona kwa mbali.

Hiyo ndiyo nadharia. Mambo yalivyo ni mchanganyiko, na Masikh wenyewe ndio wa kwanza kusema. Kitabu chao kinakana matabaka, lakini Nairobi kwenyewe kuna gurdwara zinazojulikana kwa jina la jamii moja ya mafundi, Ramgarhia, na kwenye ndoa bado watu huulizana ukoo. Upo pia usomaji wa kitabu kizima bila kukatiza, unaochukua kama saa 48, ambao ulikusudiwa watu wakae wasikilize. Siku hizi familia inaweza kulipia wasomaji wapokezane usiku kucha, wenyewe wamelala. Nanak angemtafuta yule mtoto wa farasi.

Kuna mmoja ambaye sidhani angemcheka. Katika vita vya Anandpur, mwanzoni mwa miaka ya 1700, Bhai Kanhaiya alikuwa akipita na kiriba chake kuwanywesha majeruhi. Wapiganaji wakaenda kumshtaki kwa Guru Gobind Singh: huyu anawapa maji hata adui tuliowaangusha kwa taabu. Akaitwa. Je, ni kweli? Kweli, akasema, ila mimi sikuona adui wala rafiki. Kila uso niliouinamia ulikuwa uso wako. Guru akampa dawa na bendeji akafunge na vidonda.

Siku ile Makindu nilikwenda kule kwenye vyombo. Nilidhani nitamsaidia mtu mmoja aliyelemewa. Nikakuta watu wamesimama bega kwa bega kwenye masinki, dereva wa lori mwenye shati lililofunguka vifungo, wasichana wawili wa shule, bwana mmoja wa kilemba ambaye saa yake ingenunua gari langu. Hakuna aliyeniuliza jina wala dini. Nikaosha trei kama ishirini, na nakiri nilikuwa nazihesabu. Nilipoinua nyingine, mama mmoja nyuma yangu akanipokonya.

"Kaa kando, mwanangu. Wengine nao wanangoja zamu."