Duka chini, nyumba juu: yanayosemwa kuhusu miji ya kupangwa, na ukweli wake

Bango la mradi mpya wa mji wa kupangwa likisimamishwa Mombasa, barazani huzuka mazungumzo yale yale. Huyu atasema huo ni mji wa wageni, yule atasema maji yetu yatakwisha, wa tatu ataapa kwamba vijana wote wa mtaa watapata kazi. Mimi ni mzaliwa wa Majengo na nimeyasikia haya miaka mingi. Mengine yana ukweli ndani yake, mengine hayana, na yanapochanganywa tunajikuta tunapinga mema na kuyapokea mabaya.

"Makazi, maduka na ofisi pamoja ni mtindo wa Dubai."

Teremka Ndia Kuu, njia ya Mji wa Kale wa Mombasa, jioni uangalie. Chini pana duka, juu wanaishi watu, roshani za mbao zinatazama njia, na Msikiti wa Mandhry hauko mbali. Mtoto hutumwa chumvi akarudi kabla chungu hakijachemka. Wazee wetu waliishi hivyo karne na karne bila kuhitaji jina la kuuita mpangilio huo.

Kipya katika miradi hii ni kwamba ardhi yote iko chini ya mkono mmoja, na ramani hutangulia nyumba. Barabara, mabomba, mitaro, shule, zahanati na sehemu za biashara huchorwa kabla ya tofali la kwanza. Mji wa Kale ulikua nyumba ikifuata nyumba, na kosa la kizazi kimoja lilirekebishwa na kingine. Kosa la kwenye ramani humwagiwa zege. Njia ya miguu iliyosahaulika mezani hutaipata tena.

"Watatumalizia maji."

Hofu hii naielewa kabisa, kwa sababu nimekulia kwenye foleni ya mitungi. Mombasa inategemea maji ya mbali: Mzima huko Tsavo, Baricho kwenye Mto Sabaki, Marere katika Milima ya Shimba, na visima vya Tiwi. Vyanzo vyote hivyo viko nje ya kaunti yetu, na sensa ya 2019 ilihesabu humu watu 1,208,333. Bomba likikauka, ni wenye mikokoteni wanaotuokoa, kwa bei yao.

Lakini tuwe wa haki. Magorofa yanayoota mojamoja Kisauni na Bamburi, bila mpango wa pamoja, yanakunywa kutoka bomba lilo hilo. Ukitaka kujua tofauti iko wapi, fuata maji yakishatumika. Sehemu kubwa ya mji wetu haina bomba la maji taka. Tunategemea makaro, yaani mashimo ya maji taka, na vyoo vya shimo, na mwamba tuliojengea ni wa matumbawe, wenye matundu kama sifongo. Kinachomwagwa juu hupenya hadi kwenye maji ya chini. Aliyelelewa katika nyumba ya Kiswahili yenye kisima uani na choo hatua chache kando anajua kwa nini mama alichemsha maji ya kunywa.

Mwenye ploti ya futi hamsini kwa mia hawezi peke yake kujenga mtambo wa kusafisha maji taka. Mradi wa mamia ya nyumba unaweza, na maji yaliyosafishwa yakarudi kumwagilia miti na kusukuma vyoo, ili yale ya Mzima na Baricho yabaki ya kupikia na kunywa. Kwangu mimi hii ndiyo faida kubwa kuliko zote, na sioni ikichorwa kwenye mabango. Huchorwa bwawa la kuogelea. Swali la kumuuliza mjenzi ni moja: mtambo huo uko katika awamu gani? Akijibu ya tatu, jua kwamba wa awamu mbili za kwanza watachimba makaro kama sisi.

"Bustani ni mapambo tu, ardhi inapotea bure."

Anayesema hivi aende Bamburi, palipo Haller Park leo. Palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, mwamba mtupu unaochoma macho. Mwaka 1971 mtaalamu wa mimea René Haller alianza kupanda miti, na mvinje ndio uliostahimili. Kisha akaleta majongoo ya kusagasaga majani yaliyoanguka yawe udongo. Ikawa msitu. Kama jangwa lile liliweza kufunikwa kivuli, hakuna mjenzi wa pwani mwenye sababu ya kutuachia lami na ukuta. Miti na ardhi wazi hupunguza joto na hunywa mvua ya masika ambayo vinginevyo ingeingia sebuleni kwa jirani.

"Ukishazinduliwa, miaka miwili mitatu mji uko tayari."

Konza, mji wa teknolojia wa ekari 5,000 kusini mwa Nairobi, ulizinduliwa Januari 2013 na bado unajengwa. Hata Nyali na mitaa ya baada yake haikuja kwa siku moja: daraja la kuelea la kutoka kisiwani kwenda huko lilianza 1931, na hili la zege tunalovuka sasa lilifunguliwa 1980. Anayenunua nyumba ya awamu ya kwanza kwa kuwa ameahidiwa shule na hospitali ahesabu pia umri wa watoto wake.

"Kazi zitakuwa za wote."

Kazi zitakuwepo, hilo ni kweli. Nyingi ni za ujenzi, na kibarua huisha paa likikamilika. Zinazobaki ni za mafundi bomba, walinzi, wasafishaji, walimu, wauguzi na wauzaji, na hizo hudumu kama mji wenyewe utadumu. Namfikiria zaidi mama wa viazi karai, ambaye hataandikwa kwenye ripoti yoyote. Geti likitazama steji ya matatu na ndani kukawa na vibanda vya kodi nafuu, anapata wateja asiowahi kuwaota. Ukuta ukizunguka pande zote na lango likawa la magari tu, anapoteza hata wale waliokuwa wakikatiza kwa miguu.

Na kodi za nyumba jirani zitapanda. Hilo si dhana potofu, na asiwadanganye mtu. Mwenye nyumba atafurahi, mpangaji ataumia, na hapa kwetu wako wengi walio katikati: wana nyumba lakini ardhi iliyo chini yake ni ya mwingine. Kwao, thamani ya ardhi kupanda huwa ni barua ya kuondoka.

"Shamba ni lake, sisi hatuna neno."

Tunalo. Katiba ya 2010 imeweka ushirikishwaji wa wananchi, na sheria ya mazingira ya 1999 inataka miradi mikubwa ifanyiwe tathmini, maoni ya watu yakapokelewa na NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kabla ya kibali. Tatizo ni kwamba tangazo hutoka gazetini, sisi tukaja kulalamika tingatinga likishafika.

Iko pia sheria ya 2020 ya umiliki wa fleti, ambayo wachache wameisoma. Kila mnunuzi hupata hati yake, na wenye fleti kwa pamoja huunda chombo kinachosimamia maeneo ya wote: njia, bustani, ada ya huduma, lango. Kwa hiyo mjenzi akishauza na kuondoka, uamuzi wa kulifungua lango mchana ili watoto wa mtaa wa pili wapite kwenda shule utakuwa wa majirani wapya wenyewe, wakipiga kura mkutanoni.