Kukamata mapovu ya ionosfea kwa risiva ya kawaida

Kuanzia saa moja jioni hadi karibu saa sita usiku, hasa Machi na Aprili, Septemba na Oktoba, kituo cha GPS kilichotulia mchana kutwa hapa pwani huweza kuanza kupoteza setilaiti. Jua likizama, ionosfea (tabaka la juu la anga lenye elektroni huru) ya chini hupoteza elektroni haraka, ya juu hubaki nazo, na mapovu yenye elektroni chache huchomoza juu ya ikweta ya sumaku, yaani mstari ambako uga wa sumaku wa dunia umelala mlalo. Ikweta hiyo hupita Ethiopia, na mapovu hutanuka kusini hadi Malindi na zaidi.

Risiva ya masafa mawili ya GPS, L1 na L2, inayorekodi kila sekunde 30 inatosha kuyakamata. Fungua faili la RINEX, yaani muundo wa kawaida wa data za risiva (saa zake ni za GPS: 16:00 ni saa moja jioni kwetu), geuza fezi za L1 na L2, yaani hesabu ya mizunguko ya wimbi, kuwa mita, toa ya L2 kwenye ya L1, gawanya kwa 0.105. Hiyo ni TEC, yaani jumla ya elektroni kati ya setilaiti na risiva, kwa kizio cha TECU, ikiwa na kosa lisilobadilika ambalo halitusumbui, maana tunatafuta badiliko lake kwa dakika tu. Mchepuko sanifu wa badiliko hilo katika dakika 5 ndio ROTI. Ikivuka 0.5, naanza kushuku povu.

Kushuku tu, kwa sababu risiva ikiruka mzunguko mmoja wa wimbi la L1, yaani sentimita 19, TEC huruka 1.8 na ROTI hufika kama 1.1 hata anga ikiwa shwari. Chora TEC yenyewe: mruko ni ngazi moja, kisha mstari unaendelea kama kawaida, povu huishusha TEC na kuirudisha, kwa mikwaruzo mingi. Mruko wa L1 na L2 kwa pamoja ni mgumu zaidi. Huacha sentimita 5.4 tu, na kipimo cha Melbourne-Wübbena, kinachonasa miruko kwa kulinganisha fezi na kodi za L1 na L2, hakiuoni kabisa.

Mwangwi wa paa la mabati nao hudanganya. Acha setilaiti zilizo chini ya nyuzi 30, kisha linganisha na jana: mpangilio wa GPS hujirudia dakika 4 mapema kila siku, na mwangwi hujirudia nao. Povu halina ratiba hiyo.

Usiyafute mapengo. Msukosuko ukiwa mkali, L2 ya zamani ya P(Y), kodi ya kijeshi iliyofichwa, hukatika kwanza na ROTI haihesabiki, kwa hiyo rekodi L2C au L5, ishara mpya za kiraia, na kila pengo la jioni liandike pamoja na namba ya setilaiti na mwelekeo wake.