Je, wajua kwa nini habari ya kweli inaweza kukupotosha?

Oktoba 1995, kamati ya serikali ya Uingereza iliyoshughulikia usalama wa dawa iliwatahadharisha madaktari kwamba aina mpya za vidonge vya kuzuia mimba zinaongeza maradufu hatari ya damu kuganda ndani ya mishipa. Tahadhari hiyo ilikuwa ya kweli. Vyombo vya habari vikaidaka, na kilichobaki vichwani mwa watu kikawa neno moja tu: maradufu. Wanawake wengi wakaacha kumeza vidonge vyao.

Maradufu ya ngapi, lakini? Hapo ndipo penye kisa chote. Kati ya wanawake 7,000 waliotumia vidonge vya awali, takriban mmoja alipatwa na tatizo hilo. Kati ya 7,000 waliotumia vile vipya, wawili. Ukisema "hatari imeongezeka kwa asilimia 100" husemi uongo, na ukisema "ameongezeka mtu mmoja kati ya 7,000" husemi uongo pia. Hesabu ni ile ile. Ila kauli ya kwanza inamtoa mtu mbio, na ya pili inamfanya aulize daktari kwanza.

Kulikuwa na jambo jingine lililostahili kusemwa kwa sauti ile ile: ujauzito wenyewe huongeza hatari ya damu kuganda kuliko vidonge hivyo. Aliyeacha kidonge kwa kuogopa damu kuganda, kisha akashika mimba, aliruka majivu akakanyaga moto. Mwaka uliofuata, idadi ya mimba zilizotolewa England na Wales ilikadiriwa kuongezeka kwa takriban 13,000. Yote hayo kwa sababu ya taarifa ambayo mhakiki yeyote angeipitisha kuwa ni sahihi.

Huo ndio ugumu wa habari iliyong'olewa kwenye muktadha wake, yaani kutengwa na yale yanayoizunguka: nani kasema, lini, akilinganisha na nini, nini kilitangulia na nini kikafuata. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ukweli wa nusu huenda mbali zaidi, maana ukiuchunguza neno kwa neno hukuti pa kuushika.

Kwa nini tunanasa kirahisi hivyo? Kwa sababu akili haivumilii pengo. Ikipewa kipande, inakijazia yaliyokosekana, na wala haikupi taarifa kwamba imejaza. Mtengenezaji filamu wa Urusi, Lev Kuleshov, alilionyesha hilo karne moja iliyopita. Alichukua picha ya uso wa mwigizaji, uso uliotulia usio na furaha wala huzuni, akaiunganisha na picha ya bakuli la supu, kisha na ya mtoto ndani ya jeneza, kisha na ya mwanamke aliyejilaza. Inasimuliwa kuwa watazamaji waliona njaa, wakaona majonzi, wakaona tamaa, tena wakamsifu mwigizaji kwa ufundi wake. Uso ulikuwa mmoja. Picha ya zamani ya mafuriko au maandamano inaposambazwa leo kana kwamba ni ya asubuhi hii, hila ni hiyo hiyo: hakuna aliyeichezea picha, kilichobadilishwa ni maelezo yaliyowekwa kando yake.

Hata vipimo huponza. Napoleon, mtawala wa zamani wa Ufaransa, anajulikana dunia nzima kuwa alikuwa mfupi, na ushahidi unaotajwa ni urefu wake wa futi 5 na inchi 2. Namba hiyo ipo kweli, isipokuwa ilipimwa kwa inchi za Kifaransa za wakati ule, ambazo zilikuwa ndefu kuliko za Kiingereza. Kwa vipimo vya leo ni kama sentimita 168, urefu wa kawaida kabisa kwa mwanamume wa zama zake. Wachora katuni wa Uingereza, nchi iliyokuwa vitani naye, walimchora kama kibeti, na bila shaka hawakuwa na haraka ya kuulizia inchi.

Sasa, muktadha nao una wanaoutumia vibaya. Mtu mkubwa akibanwa kwa kauli yake, utamsikia: "Nimenukuliwa nje ya muktadha." Mara nyingine ni kweli, mara nyingine ni mlango wa kutorokea, na mimi naona njia ya kutofautisha ni nyepesi: mtake alete yale yaliyokatwa. Charles Darwin, mwanasayansi wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1859 kuhusu asili ya viumbe, alikiri kwamba kudhani jicho limetokana na uteuzi wa asili, yaani viumbe wenye sifa zinazowafaa kuishi na kuzaa zaidi kizazi baada ya kizazi, kunaonekana upuuzi wa hali ya juu. Wapinzani wake wameinukuu kauli hiyo kwa miaka mingi na kuishia hapo. Yeye hakuishia hapo. Aliendelea kueleza jinsi jicho sahili linavyoweza kugeuka kuwa tata hatua kwa hatua, kila hatua ikimfaa kiumbe aliye nayo. Maneno yaliyokatwa yanageuza maana ya yaliyobaki, kwa hiyo Darwin ana haki ya kulalamika. Anayelalamika, kisha ukisoma hotuba yake yote ukakuta maana ni ile ile, huyo amenukuliwa sawasawa.