Historia ya haki za mashoga ndani ya onyesho la mtu mmoja

Waigizaji wanaoniletea miswada ya maonyesho ya mtu mmoja kuhusu kukua wakiwa mashoga huja na kitu kilekile: nusu utoto wao, nusu orodha ya tarehe. Stonewall, baa ya mashoga New York ambako polisi walivamia na wateja wakapambana nao, Juni 28, 1969. Mwaka 1973, chama cha madaktari wa magonjwa ya akili Marekani chaondoa ushoga kwenye orodha yake ya maradhi. Harvey Milk, mwanasiasa aliyejitangaza kuwa shoga, achaguliwa kwenye baraza la jiji la San Francisco mwaka 1977, auawa Novemba 1978. Yote ni kweli na yana uzito, lakini mwigizaji akifika hapo sauti hubadilika, akawa kama msoma taarifa ya habari, na watazamaji wakaanza kujigeuzageuza vitini.

Mimi kama mwongozaji huuliza: siku hiyo ulikuwa wapi, na mikono yako ilikuwa ikifanya nini?

Mmarekani mmoja niliyefanya naye kazi alikuwa na miaka 11 siku ya Juni 30, 1986, Mahakama ya Juu ya nchi yake ilipoamua kesi ya Bowers na Hardwick. Michael Hardwick alikamatwa Atlanta mwaka 1982, chumbani kwake, akiwa na mwanamume mwenzake. Kwa kura 5 dhidi ya 4, mahakama ilisema jimbo la Georgia linaweza kulihesabu tendo hilo kuwa jinai. Katika mswada, maelezo hayo yalijaza ukurasa mzima. Mazoezini ikadhihirika kwamba anachokikumbuka ni baba yake akiangalia habari hiyo kwenye televisheni wakati wa chakula, akacheka, kisha akaomba chumvi. Mtoto akampa.

Ukurasa tukaufuta. Sasa anakaa mezani, ananyoosha mkono wenye kichupa cha chumvi, na mkono unabaki hewani huku akitueleza kesi yenyewe kwa sentensi 3. Akimaliza ndipo anakiweka chini. Nimeshuhudia ukumbi mzima ukiukodolea macho mkono ule.

Aina hii ya sanaa haikushika mizizi miongoni mwa mashoga kwa bahati tu. Kwanza ni rahisi: mtu, kiti, taa. Halafu ikaja UKIMWI. Juni 5, 1981 ilichapishwa taarifa ya kwanza ya kitabibu, kuhusu wanaume 5 wa Los Angeles, na miaka iliyofuata watu walizika marafiki huku serikali ikikaa kimya. Kusimama mbele za watu na kusema "mimi" kulikuwa ni kutoa ushahidi.

Serikali nayo iliuona uzito wake. Mwaka 1990 John Frohnmayer, mkuu wa mfuko wa taifa wa sanaa wa Marekani, aliwanyima ruzuku wasanii 4 wa maonyesho ya aina hii, ingawa jopo la wataalamu lilikwisha kuwapendekeza: Karen Finley, Holly Hughes, John Fleck na Tim Miller. Walikwenda mahakamani, na mwaka 1993 wakalipwa. Lakini sharti la kuzingatia "staha" katika kutoa ruzuku lilibaki. Mahakama ya Juu ililiidhinisha mwaka 1998. Kila mwanafunzi wangu lazima aijue kesi hii kabla hajaandika mstari wa kwanza.

Yule mwigizaji alitaka kumalizia na Juni 26, 2015, siku ndoa za jinsia moja zilipohalalishwa Marekani nzima. Nilikataa, kwa sababu makofi ya tarehe hiyo hujipiga yenyewe. Tukachagua Juni 26, 2003, mahakama ileile ilipoufuta uamuzi wa Bowers na kukiri kwamba haukuwa sahihi tangu siku ulipotolewa. Ana miaka 28, anampigia baba simu, na wanazungumzia hali ya hewa.

Jambo moja silifanyii majadiliano. Baba yumo kwenye onyesho bila kuulizwa, kwa hiyo aigizwe akiwa mtu kamili, mwenye ucheshi na mapenzi yake. Na rafiki wa utotoni ambaye hajawaambia watu wa kwao kwamba ni shoga, jina lake, shule na mtaa wake hutoka kwenye mswada kabla ya zoezi la kwanza. Hata Marekani, ni mwaka 2020 tu ndipo Mahakama ya Juu ilipotamka kwamba sheria ya shirikisho inakataza kumfukuza mtu kazi kwa sababu hiyo, na bado kuna nyumba ambazo mlango hufungwa usiku uleule habari inapofika.